Kompyuta ya gemu iliyotumika iuzwe ikiwa na jina la chipu yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagharimu vijana wengi wanaonunua kompyuta mpakato za gemu zilizokwisha kutumika, nalo ni uchaguzi wa draiva ya kadi ya grafiki, ile sehemu inayochora picha zinazoonekana kwenye kioo. Maduka ya hapa Kariakoo, kama yale ya Barabara ya Luthuli kule Nairobi, yana mashine nyingi za aina hiyo, na baadhi yake bado zina nguvu ya kutosha kucheza gemu za mpira na za magari bila kusuasua, kwa bei ambayo mwanafunzi au kijana anayeanza kazi anaimudu. Taabu huanzia nyumbani, pale mnunuzi anapofuata ushauri unaosambaa kila mahali kwamba dawa ya gemu kukwamakwama ni kusasisha draiva hadi toleo jipya kuliko yote. Kwa mashine mpya ushauri huo una maana, lakini kwa mashine ya mwaka 2013 au 2014 unaweza kummalizia mtu bando lake lote la wiki na kumwachia kioo cheusi.

Draiva ni programu inayouwezesha mfumo wa kompyuta kuelewana na kadi ya grafiki, na huandikwa na kampuni iliyotengeneza chipu, yaani kile kipande kinachofanya kazi ya kuchora ndani ya kadi. NVIDIA, ambayo chipu zake zimo katika sehemu kubwa ya mashine ninazozizungumzia, hupanga bidhaa zake kwa vizazi, na kila kizazi hufikia siku ya kuondolewa katika draiva mpya. Kizazi cha Fermi, ambacho ni kadi nyingi za namba za 400 na 500, kiliachwa mwezi Aprili 2018. Kepler kikafuata, na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu Kepler za kompyuta za mezani ziliendelea kuhudumiwa hadi Agosti 2021, ilhali Kepler za kompyuta mpakato zilikatwa mapema, Aprili 2019, na toleo la mwisho la draiva za gemu kwa ajili yao ni 425.31. Mtu akisoma mtandaoni kwamba kadi za Kepler zinakubali matoleo ya 470, akapakua faili la zaidi ya megabaiti 500, atakuta programu ya kuweka draiva inakataa katakata kwamba haioni kifaa kinachoihusu. Vizazi vya Maxwell na Pascal, ambavyo ndivyo vinavyouzika zaidi sasa, navyo vimefikia mwisho wa draiva za gemu Oktoba 2025 katika tawi la 580, yaani matoleo ambayo namba zake huanza na 580, ingawa NVIDIA imeahidi kuendelea kuviletea marekebisho ya usalama kila robo mwaka hadi Oktoba 2028.

Tarehe hizo zingetosha kumwongoza mnunuzi kama jina lililobandikwa juu ya mashine lingekuwa linamweleza kizazi cha chipu, lakini mara nyingi halimwelezi. Mfano ninaoufahamu vizuri ni GTX 860M, kadi iliyotoka mwaka 2014 na kuwekwa katika kompyuta nyingi za gemu za wakati huo. Jina hilo moja lilipewa chipu mbili tofauti kabisa: GK104 ya kizazi cha Kepler yenye viini 1152, na GM107 ya kizazi cha Maxwell yenye viini 640. Mnunuzi asiyejua ataiona ya kwanza kuwa bora kwa wingi wa viini vyake, kumbe katika gemu hazipishani sana, na ile ya pili hutumia umeme kidogo zaidi na hivyo kupata joto kidogo. Tofauti kubwa iko katika draiva. Mwenye GK104 safari yake ya kawaida ilikoma Aprili 2019, na mwenye GM107 amehudumiwa hadi Oktoba 2025 na ana miaka ya marekebisho ya usalama mbele yake. Mashine mbili zenye kibandiko kilekile zinaweza kukaa katika kabati moja la kioo, kwa bei moja, huku moja ikiwa imeizidi nyingine kwa zaidi ya miaka sita ya huduma.

Kuzitofautisha hakuhitaji fundi. Katika Windows mtu hufungua Device Manager, akaitafuta kadi chini ya orodha ya vifaa vya kioo, akabofya kulia na kufungua sifa zake, kisha akaingia sehemu ya maelezo na kuchagua Hardware Ids. Hapo ataona mstari unaoanza na VEN_10DE, ambayo ni alama ya NVIDIA, ukifuatiwa na DEV na tarakimu au herufi nne. Kwa GTX 860M, 119A ni Kepler na 1392 ni Maxwell. Programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z nayo huonyesha jina la chipu waziwazi. Hatua hii ndiyo ya kwanza, na ningependa kila anayetoa ushauri wa draiva aanze kwa kuuliza chipu ni ipi kabla ya kutaja toleo lolote.

Jambo la pili linalowachanganya watu ni kwamba kompyuta hizi nyingi zina chipu mbili za grafiki. Tangu mwaka 2010 NVIDIA ilipoleta mfumo wa Optimus, kioo huunganishwa na grafiki ya Intel iliyomo ndani ya prosesa, na chipu ya NVIDIA huamshwa pale tu kazi nzito inapokuja, ikachora picha na kuzipitisha kwa Intel ili zionekane. Kwa sababu hiyo mnunuzi akiona jina la Intel katika mipangilio hudhani ametapeliwa, na wengine huifuta draiva ya Intel wakiamini ndiyo inayowachelewesha. Wakishaifuta, mwanga wa kioo haurekebishiki tena, na paneli ya NVIDIA, yaani programu yake ya mipangilio, hugoma kufunguka kwa madai kwamba hakuna kioo kilichounganishwa nayo. Ninavyoona mimi, utaratibu ulio salama ni kuweka kwanza draiva ya Intel kutoka katika ukurasa wa kampuni iliyounda kompyuta yenyewe, kuwasha upya, ndipo kuweka ya NVIDIA. Gemu ikiwa bado nzito, mtu aangalie kwanza kama inaendeshwa na chipu sahihi, kwa kuwa paneli ya NVIDIA inaruhusu kuchagua chipu kwa kila programu.

Kuhusu mahali pa kuipata draiva, naomba nisisitize kwa uzito wote: ichukuliwe katika tovuti ya NVIDIA, AMD au Intel, au ya kampuni iliyounda kompyuta, na si kwingineko. Zipo programu zinazojitangaza kuwa zitakutafutia draiva zote. Huichunguza kompyuta, zikaleta orodha ndefu ya vitu vinavyodaiwa kupitwa na wakati, kisha zikaomba malipo, na baadhi huingiza matangazo na uchafu mwingine ambao huwa kazi kuung'oa. Vilevile zipo draiva zilizohaririwa na watu binafsi katika faili la INF, linaloorodhesha chipu ambazo draiva inazikubali, ili kulazimisha toleo jipya likubali chipu iliyoachwa. Faili hilo likiguswa, sahihi ya kidijitali ya kampuni huvunjika, na Windows huikataa draiva mpaka mtumiaji azime ulinzi wake mwenyewe. Mashine ambayo mtu anaitumia pia kwa huduma za benki na barua pepe za kazini haistahili kufanyiwa hivyo kwa ajili ya gemu moja.

Anayebadilisha toleo kwa sababu lililopo lina kasoro ni vyema aiondoe kabisa ya zamani kwanza. Programu ya bure ya Display Driver Uninstaller, maarufu kama DDU, hufanya kazi hiyo vizuri ikitumiwa katika hali salama ya Windows (Safe Mode). Intaneti ikatwe kabla ya kuanza, kwa kuwa Windows ikiona kadi haina draiva huenda ikajiletea ya kwake kabla mtu hajamaliza. Faili la draiva iliyothibitika kufanya kazi lihifadhiwe kwenye flashi, kwani matoleo mapya hukaribia gigabaiti moja, na si kila mtu ana uwezo wa kulipakua upya kila mashine inaposumbua.

Niongeze kwamba draiva hulaumiwa mara nyingi pasipo kosa lake. Mashine ya miaka kumi ambayo haijawahi kufunguliwa huwa na vumbi lililoziba mapezi ya kipoza joto, na ile pasti inayopakwa juu ya chipu inakuwa imekauka kama udongo, kwa hiyo chipu hujipunguzia kasi dakika chache baada ya gemu kuanza ili isiungue. Hakuna toleo litakaloponya hilo. Vilevile draiva haiwezi kuongeza kisichokuwamo ndani ya chipu: Kepler na Maxwell za mwanzo, ikiwemo hiyo GM107, zinaishia kiwango cha 11_0 cha uwezo wa DirectX, ile njia ya Windows ambayo gemu huitumia kuiagiza kadi ya grafiki, na gemu inayodai kiwango cha 12 haitafunguka hata iwekwe draiva gani.

Kwa wenye kadi za AMD, nyingi za Radeon HD 7000 na R9 200 pamoja na jamaa zao zilihamishiwa katika orodha ya zilizoachwa mwezi Juni 2021, na toleo la kutafuta ni 22.6.1 la mwaka 2022. Hawa wana bahati moja, kwamba katika Linux, mfumo wa bure unaoweza kuwekwa badala ya Windows, draiva yao ya wazi, yaani ambayo msimbo wake yeyote anaweza kuusoma na kuuboresha, imo ndani ya mfumo wenyewe na inaendelea kutunzwa. Nalitaja hili kwa sababu Windows 10 ilikoma kuhudumiwa kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za Intel za kizazi cha nne, ambazo ndizo zilizofuatana na GTX 860M nyingi, haziruhusiwi rasmi katika Windows 11. Mwenye Maxwell akihamia Linux ana tawi la 580. Mwenye Kepler anabaki na tawi la 470 lililokwisha kuachwa, ambalo katika Linux linazikubali hata za kompyuta mpakato, au draiva ya wazi ya nouveau, ambayo kwa gemu nzito simshauri mtu aitegemee.

Haya yote mnunuzi hawezi kuyajua akiwa amesimama mbele ya kaunta, lakini muuzaji anaweza. Nawaomba wafanyabiashara wa kompyuta zilizotumika waandike katika kibandiko cha bei jina halisi la chipu, GK104 au GM107, pamoja na toleo la mwisho la draiva linalokubalika, na waliweke faili lake ndani ya mashine kabla ya kuiuza. Ni kazi ya dakika chache kwa mtu aliyeizoea. Ukurasa wako wa teknolojia, Mhariri, nao ungeweza kuchapisha jedwali la vizazi hivi na tarehe zake ili watu walikate na kwenda nalo dukani. Na hadi hapo vibandiko vitakapobadilika, mnunuzi aombe Device Manager ifunguliwe mbele yake kabla hajatoa hela, na muuzaji akikataa, maduka mengine yapo mtaa huohuo.

Fundi wa kompyuta,
Kariakoo, Dar es Salaam