Shukrani kwa mama wa shanga, Buffalo, New York

Mama, hukutaka nikutaje jina, lakini wema wako unastahili mashahidi.

Mke wangu ni Mseneca, wa moja ya mataifa sita ya Haudenosaunee, muungano wa wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, ambako mtoto hufuata ukoo wa mama. Binti yetu alikuwa apewe jina kwenye sherehe ya Mahindi Mabichi, ya kushukuru kwa mahindi mapya, avae mokasini, viatu laini vya asili, za ngozi ya kulungu alizovaa mama yake utotoni. Uzi ulikuwa umeoza, shanga zikawa zinapukutika. Mafundi wa viatu waliogopa kuzigusa.

Wewe uliziweka mapajani, ukafumua uzi mbovu, ukatafuta shanga za rangi ileile ya stroberi iliyodariziwa juu ya kiatu. Kisha ukatunga shanga nyingi kuliko nafasi iliyopo, ili kila mstari ujipinde na kuinuka juu ya kitambaa. Hapo ndipo penye ufundi wenyewe! Ukamwita mtoto, ukamwachia ashone jani moja kwa mkono wake. Ulipokea bei ya shanga tu.

Alizivaa, akacheza ngoma, haikudondoka hata moja. Asante sana, mama. Nanyi mlioko huku, mkitaka mokasini za watoto, nunueni kwa mafundi wa Haudenosaunee wenyewe.