Kinachonishikilia huku

Sahibu yangu,

Barua yako imenikuta juu ya ngazi, nachokonoa saruji ukutani. Unauliza nimeona nini katika kitongoji cha nyumba 11 na njia ambayo magari mawili hayapishani. Ngoja nianze na huo ukuta.

Ni wa mawe na chokaa, unene wake karibu nusu mita. Jua huupasha mchana kutwa, na joto lake hunifikia ndani usiku, wakati ninapolihitaji. Adhuhuri nyumba ina ubaridi. Aliyeishi humu kabla yangu aliziba nyufa kwa saruji akidhani anauimarisha. Kumbe saruji haipitishi unyevu kama chokaa; maji yakanaswa ndani na mawe yakaanza kumomonyoka. Jirani yangu, mzee, ndiye aliyenionyesha. Akanifundisha kuchanganya sehemu 1 ya chokaa na 3 za mchanga, kisha kufunika kazi kwa magunia mabichi isikauke upesi, maana chokaa hukomaa polepole kwa kunywa hewa. Tangu hapo nikiishika nyumba hii najiona mmoja katika foleni ndefu ya watu walioitunza. Kizingiti kimelika katikati kwa nyayo zao.

Usiku ni giza hasa. Macho huchukua kama nusu saa kulizoea, ndipo nyota zinapojaa.

Lakini la kukuambia kweli ni hili. Mwezi uliopita nilishikwa na homa. Saa tatu asubuhi dirisha langu lilikuwa bado limefungwa, na kabla ya saa nne nilisikia hodi. Yule mzee. Hakuwa ameitwa na mtu. Mjini niliishi miaka mingi katika jengo la watu wengi, nikaugua wiki nzima bila mtu kujua, wala siwalaumu; hawakuwa na jinsi ya kujua.

Sikufichi, hospitali ni mbali, mtandao hukatika, na siri haikai. Aliyekuja kunitembelea anajulikana kabla hajafika mlangoni. Nimekubali. Huwezi kutaka watu walione dirisha lako lililofungwa, halafu ukakasirika wakiliona lililo wazi.

Njoo kabla ya mvua. Ukuta wa nyuma bado haujaguswa, na chokaa mbichi haistahimili mvua. Nitafurahi tukiumaliza pamoja.

Wako wa siku zote.