Maonyesho ya Jumamosi na kazi mpya ya mdogo wetu

Assalaam alaykum ndugu zangu,

Jumamosi saa 10 jioni tukutane Ngome Kongwe. Mdogo wetu, mwanafunzi wa mwaka wa pili, anatundika picha zake za akinamama wanaolima mwani Paje na Jambiani, vijiji vya pwani hapa Unguja. Kilimo hicho kilianza huko mwaka 1989, na siku hizi bahari imezidi joto, mwani unakufa kwenye maji madogo. Picha zenyewe zinasema: kamba tupu, mama kasimama maji kiunoni. Ile ya mikono imenishika sana. Mpeni maoni ya kweli, "nzuri" peke yake haimsaidii.

Kubwa zaidi ni kazi inayofuata. Anakusanya picha za studio za wazee wetu, za Capital Art aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930 hapa Mji Mkongwe na za studio nyingine, kisha awapige picha upya wahusika walio hai, au wajukuu zao, kwa mkao uleule. Unyevu unazila picha hizo makabatini, tusichelewe.

Mwenye nayo nyumbani aombe kwanza ruhusa. Usiibandue kwenye albamu. Ipige kwa simu karibu na dirisha, bila flashi. Isiyobandikwa, piga na mgongo wake, huenda una muhuri wa studio. Nitumieni mimi faragha, si humu. Kuna bibi zetu hawapendi sura zao zizagae.

Atakayekuja na mzee wake Jumamosi aniambie mapema, niweke viti.