Mafundi wa bolingi tupewe siku ya kufunga leni

Mhariri,

Mimi ni fundi, kazi yangu iko nyuma ya leni za bolingi, zile njia za kurushia mpira wa kuangusha pini, hapa Nairobi, pale mteja haoni, na naandika kwa sababu hii mambo ya sevisi imeniuma kwa muda mrefu. Jumamosi moja shule zikiwa zimefungwa, ukumbi umejaa hadi mlangoni, leni ya 5 hadi ya 8 zikakwama karibu saa nzima. Kulikuwa na bathdei ya mtoto, mamake alikuwa ashalipia leni mbili, ikabidi watoto wakae tu wakila chipsi wakingoja na sisi mafundi wawili tunakimbia huku na huku na tochi. Bosi akauliza mbona zimeharibika zote siku moja. Hazikuharibika siku moja! Zilianza miezi mitatu nyuma na tulikuwa tunaona, sema hakuna mtu alitupatia siku ya kuzifunga tuzishughulikie.

Watu wengi huona pini zikianguka na kusimama wanadhani ni kitu kidogo. Hebu piga hesabu. Mtu mmoja mchezo mmoja ni fremu 10, yaani zamu 10 za kurusha. Wakija marafiki sita hizo ni fremu 60, na kwa sababu wengi wetu hurusha mara mbili kila fremu, mashine ya kupanga pini imezunguka karibu mara 120 na hawajamaliza hata soda ya kwanza. Kila mzunguko inashika pini, inafagia zilizoanguka, inazipandisha juu na kuzipanga upya, kila pini kilo moja na nusu hivi, na mpira unaoweza kufika kilo 7 unagonga mto wa kuuzuia huko nyuma. Matatu inabadilishwa oili kwa kuhesabu kilomita, si kwa kungoja injini ilie, basi na sisi tuhesabu fremu. Kompyuta za kaunta zinahesabu michezo ya kila leni, ni kusoma tu na kuandika. Kwetu leni za katikati ndizo wateja hupewa kwanza, kwa hivyo zinachoka mbele ya zingine, lakini ukienda na kalenda peke yake utazihudumia zote sawa.

Mfano mzuri wa sevisi ndogo kuzuia shida kubwa ni mpira kukosa kurudi. Mteja anakuja kaunta amekasirika, anasema mashine imekula mpira, na fundi asiye na uzoefu anakimbilia mota. Mara nyingi mota haina shida. Leni hupakwa oili kuanzia mwanzo hadi kama futi 40 kati ya zile 60 za kufika kwa pini, sehemu ya mwisho inaachwa kavu ili mpira ushike. Sasa leni isiposafishwa vizuri mipira inaibeba hiyo oili mpaka nyuma, inaingia kwa zulia la shimo lililo nyuma ya pini, inapaka pini, inafika kwa belti ya kurudisha mpira, belti inateleza, mpira unabaki huko ndani. Ongeza vumbi la Januari na Februari, inakuwa kama gundi. Kitambaa safi na dakika chache kila asubuhi zingezuia hiyo yote, na bado utasikia mtu akisema tununue mashine mpya.

Kuna wenye kumbi wanasema dawa ni zile mashine za kamba, ambazo kila pini imefungwa kamba ya kuivuta juu. Ni kweli zina sehemu chache, lakini kamba pia inasugulika na kujifunga, lazima mtu aziangalie.

Stima nayo. Ikipotea katikati ya mzunguko mashine inasimama na pini juu, na ikirudi inaweza kuzunguka ghafla. Fundi mwenzangu aliumia vidole kwa kuingiza mkono kabla ya kuzima swichi, kwa sababu alikuwa anaharakishwa na foleni ya wateja. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 iko, na haisemi eti ukiwa na wateja wengi ni sawa. Mkono usiingie kabla swichi haijazimwa, hata kama ni Desemba.

Upande wa spea, belti ya kawaida unaweza kubahatisha Kirinyaga Road, lakini zile za mashine yenyewe zinaagizwa nje na unaweza kungoja wiki nyingi. Ukiagiza siku imekatika, umechelewa. Tuwe na belti, fyuzi, beringi na sensa za akiba kwa stoo, na tuandike kwa daftari kila mara leni inapokwama, ni leni gani na imekwama wapi, hapo ndio utajua cha kuagiza.

Ombi langu kwa wenye kumbi ni hili. Kazi kubwa ifanywe wiki shule zimefunguliwa, wateja ni wachache. Halafu kila Jumatatu asubuhi mpaka saa sita mtupe leni mbili, mbili kwa sababu leni jirani hutumia njia moja ya kurudisha mipira. Ukumbi wa leni 12 unaisha kwa wiki sita, unaanza tena. Jumatatu ijayo naenda kumwomba bosi tuanze na ya 5 na 6.

Fundi wa leni,
Nairobi