Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Bustani Zetu Mwaka 2024

Ndugu wanachama, asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za asubuhi kwenu nyote.

Mambo ya fedha atayasoma mhazini, nami sitayagusa, ila wanaodaiwa ada wanajijua. Muda wangu nautaka kwa ajili ya bustani.

Mvua za El Nino za mwishoni mwa 2023 zilipokezana na masika kabla ardhi haijakauka vizuri. Mwanzoni mwa Mei kikaja Kimbunga Hidaya. Kilipiga zaidi upande wa Mafia, lakini upepo na mvua yake hata sisi wa Dar es Salaam tuliipata. Waliopanda kwenye matuta yaliyoinuka na kwenye viroba waliendelea kuchuma. Waliopanda bapa, mchicha ulilala majini ukaoza. Konokono walijaa kila mahali, na dawa iliyowaweza ilikuwa tochi na ndoo usiku, basi.

Habari kubwa ya mwaka, hata hivyo, ni nyanya, na hapa naomba mnivumilie. Tulipozunguka na kamati, karibu kila uwani palikuwa na nyanya, na karibu kila uwani palikuwa na msiba wake. Mwanachama wetu mmoja wa bondeni, mama mtu mzima na mkulima hodari, miche yake ilishafika kiunoni na kutoa maua, ikaanza kulegea mchana ilhali majani bado mabichi. Akadhani ni kiu, akazidisha maji. Dukani wakamuuzia dawa ya ukungu, akapuliza, hela ikaenda na nyanya zikaenda.

Kijana wetu aliyesomea kilimo ndiye aliyetufumbua macho. Alikata shina karibu na mizizi, akalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi, tukasimama kulitazama. Baada ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa ukaanza kushuka kutoka pale alipokata. Huo ndio mnyauko bakteria. Hauna dawa ya kupuliza, na vimelea vyake hubaki udongoni kwa miaka. Mche ulioguswa unang'olewa na udongo wa mizizini na kutupwa mbali na bustani, na jembe linaoshwa. Kisha mahali hapo hapapandwi nyanya wala bilinganya, pilipili, mnavu au viazi mviringo, kwa sababu hao wote ni ukoo mmoja na ugonjwa wao ni mmoja. Yule mama alikuwa ametoa bilinganya palepale msimu uliotangulia. Sasa amepanda mahindi, na nyanya chache amezihamishia kwenye ndoo zenye udongo mpya.

Walioponea mnyauko walikutana na kantangaze, yule nondo mdogo anayeshambulia nyanya. Funza wake hujichimbia ndani ya jani, halafu anaingia kwenye tunda, kwa hiyo dawa inayopita juu juu haimpati. Wenye neti ya matundu madogo walivuna kiasi.

Sina ugomvi na nyanya. Ila niseme wazi: tumekuwa tukilima nyanya kwa ajili ya picha za simu, na mboga za majani kwa ajili ya tumbo. Mchicha unauchuma ndani ya wiki tatu au nne. Matembele hata mbegu hununui, unaomba marando kwa jirani, unachomeka, na ukichuma yanachipua tena. Hayo ndiyo yaliyolisha nyumba zetu mwaka huu, lakini kwenye vikao hakuna anayeyasimulia.

Kwa wanaomwagilia maji ya kisima chenye chumvi: maharage yaliungua kingo za majani karibu kwa kila aliyejaribu, spinachi ikastahimili. Onjeni maji kabla ya kununua mbegu. Mbolea ya kuku nayo isitoke bandani moja kwa moja hadi kwenye mche. Ilundikwe kwanza, imwagiwe maji, igeuzwe, iachwe mpaka joto na harufu vitoke. Haya tunayasema kila mwaka na kila mwaka kuna anayeunguza.

Tumepokea pia malalamiko ya majirani kuhusu mbu, na wana haki. Mbu wa dengi huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama, hata kwenye kisahani chini ya chungu cha maua. Mapipa yafunikwe, visahani vimwagwe.

Kamati inaleta mapendekezo mawili tuyapigie kura leo. La kwanza, kila mwanachama atenge tuta moja la marando na mbegu za mchicha za kugawiana, ili tupunguze kununua pakiti. La pili, tununue samadi kwa pamoja, lori moja kabla ya masika, kila mtu alipie viroba vyake. Nimesikia wanaosema lori halitaingia mtaa wa bondeni. Tutashushia uwanjani na kukodi mkokoteni.

Anayetaka samadi aandikishe idadi ya viroba kwa katibu kabla hatujaenda kwenye chai.