Tunahitaji ramani ya kukatika kwa stima

Mhariri,

Kimbunga Beryl kilipopiga Texas tarehe 8 Julai 2024, wateja zaidi ya milioni mbili walikosa umeme eneo la Houston. Ramani ya mtandaoni ya kampuni ya umeme ya CenterPoint, ya kuonyesha palipokatika umeme, haikuwepo. Iliondolewa baada ya dhoruba ya Mei, ilipozidiwa na wingi wa watu walioifungua. Basi wakazi wakageukia programu ya Whataburger, mikahawa ya baga! Kwenye ramani yake, tawi lenye alama ya rangi ya chungwa liko wazi, la kijivu limefungwa. Mtaa wenye kijivu tupu, wakakisia hauna umeme.

Nasi Kenya tujifunze hapo. Stima ikikatwa kwa matengenezo, tangazo hutoka mapema na mitaa hutajwa, na hilo nalipongeza. Lakini transfoma ikilipuka usiku, tunabaki kuulizana dirishani, "Kwako pia imepotea?" Mama muuza samaki mwenye friza iliyojaa changu na tasi anahitaji kujua sasa hivi: anunue barafu, au mafundi wako njiani?

Naomba ramani inayoonyesha mtaa ulioathirika, saa hitilafu iliporipotiwa, na kama mafundi wametumwa. Iwe nyepesi, ifunguke kwa bando dogo. Zaidi ya yote, ijaribiwe kwa mzigo mkubwa kabla ya mvua za masika, kwa sababu siku ya dhoruba ndiyo siku kila mtu ataifungua.

Msomaji wako,
Mombasa