Mkitutuma kazi nje, mtuachie mtu wa kushika simu

Mhariri,

Naona vijana wengi siku hizi wanafurahia kupelekwa Congo na kampuni zao, hasa tangu Congo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022 na mabenki ya Kenya kununua mabenki kule. Sina neno, kazi ni kazi. Lakini wacha niwaeleze yaliyonipata mimi, labda meneja mmoja atasoma.

Mapema 2015 nilitumwa Juba na kampuni yenye makao makuu Nairobi, sitaitaja, na bosi wa idara yangu alikuwa mtu mzuri kabisa. Shida ni kwamba nikishapanda ndege nikawa si wa mtu. Nikiuliza kitu Nairobi naambiwa uliza ofisi ya Juba, Juba nao wanasema wewe ni wa Nairobi.

Mshahara uliingia kwa shilingi nyumbani, hiyo sawa, lakini pesa ya kujikimu nilipewa kwa pauni za Sudan Kusini. Sasa Desemba 2015 benki kuu ya huko ikaachilia pauni ijitafutie bei sokoni, dola moja ikaruka kutoka karibu pauni 3 hadi 18 na zaidi, mara moja tu hivyo, na mwenye nyumba anataka dola, maji ya boza yamepanda, vyakula vinatoka Uganda na bei inabadilika kila wiki. Nikaandika imeili. Nikajibiwa marupurupu huangaliwa upya kila Julai.

Julai ikafika na vita. Jumapili tarehe 10 Julai 2016 tulilala sakafuni watu wanne, milio ya bunduki kubwa haikomi, helikopta juu, netiweki inakuja na kupotea, napiga Nairobi hakuna anayeshika juu ni wikendi. Namba ya dharura sikuwa nayo, hakuna aliyewahi kunipa na mimi sikufikiria kuuliza. Mke wangu hapa Thika akachukua matatu mpaka ofisini kwetu Nairobi, akampata soja wa geti peke yake, akaambiwa mama rudi kesho. Mpaka leo akilisimulia hilo analia, na mimi ndilo linaloniuma kuliko hata zile risasi.

Nilipofanikiwa kurudi nilikuta kiti changu kina mtu. Nikakaa miezi minne nazungushwa idara hii na ile bila kazi ya maana nikaacha, na kampuni ikapoteza mtu aliyewajua wateja wa Juba kwa majina.

Mameneja, hii si kazi ya pesa nyingi. Mchague mtu mmoja makao makuu ambaye jukumu lake ni huyo mliyemtuma, simu yake isizimwe. Posho ipimwe kwa dola na iangaliwe bei zikibadilika, kalenda isingojewe. Na kazi atakayorudia iandikwe kwa barua kabla hajaondoka.

Januari 2025 Goma kule Congo ilipotekwa, uwanja wa ndege ukafungwa na benki zikafungwa, sikulala vizuri, nikiwaza wenzetu walio huko na wake zao wanampigia nani.

Kwa hivyo kijana ukiletewa barua ya kwenda, kabla hujasaini uliza ni nani atakayeshika simu Jumapili usiku, na hiyo namba mwachie pia mama watoto.

Msomaji wako,
Thika